Meta-analizi si kitu cha mbali

Kwa mwanafunzi wa afya hapa Buluo, neno meta-analizi linaweza kuonekana la mbali, mambo ya kompyuta na fomula. Lakini historia yake inapita kwetu Kongo, tena kwenye ugonjwa ambao kila familia ya Likasi inaujua: malaria.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1904 Mwingereza Karl Pearson alikusanya pamoja matokeo ya chanjo ya tifoidi kwa askari. Jina likakuja 1976, alilitoa Mmarekani Gene Glass.

Sasa tuje kwetu. Miaka na miaka malaria kali ilitibiwa na kinini. Mwaka 2005, utafiti wa Asia wenye wagonjwa 1461 ulionyesha hivi: waliopewa kinini walikufa 22 kwa mia, waliopewa artesunate 15 kwa mia. Je, Afrika ibadilishe dawa palepale? Kulikuwa na swali moja: wale wa Asia wengi wao ni watu wazima, na huku kwetu wanaokufa zaidi ni watoto.

Njo maana utafiti wa AQUAMAT ulifanyika Afrika, watoto 5425 katika nchi 9, Kongo ikiwemo, pamoja na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Matokeo yalitoka 2010. Kwa kinini walikufa watoto 297 kati ya 2713. Kwa artesunate 230 kati ya 2712. Shika kalamu upige hesabu: kwa kila watoto 1000, karibu 25 zaidi wanabaki hai.

Halafu Cochrane wakaunganisha tafiti 8, nyingine ndogo mno kuonyesha tofauti zikiwa peke yake. Watoto na watu wazima walihesabiwa mbalimbali: hatari ya kifo ilipungua asilimia 24 kwa watoto, 39 kwa wakubwa. Mwaka 2011 OMS ikapendekeza artesunate kwa watoto pia.

Somo lianzie hapo, kabla ya programu yoyote. Mwanafunzi anayeuliza "hawa ni wagonjwa gani, wanaweza kujumlishwa pamoja?" ameshaanza kazi. Tena akumbuke, zile namba zilitoka vitandani: kuna mtu aliandika uzito, saa ya sindano, na kama mtoto alipona. Daftari ya wodi isiyojazwa haiwezi kuunganishwa na kitu.