Mwalimu wa kemia katika koleji za Kivu: namna labo ilivyobaki chaki tupu

Wazazi wengi wanauliza kwa nini mtoto anasoma kemia miaka mine bila kugusa hata chupa moja ya asidi. Wengine wanamlaumu mwalimu. Mimi ninaona tumuache kwanza, turudi nyuma hadi mwaka wa 1960.

Wakati wa uhuru, Wakongomani wenye diplome ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Kemia ilikuwa mikononi mwa mapadri na Wabeleji wengine, kama kwa Wayezuiti wa Bukavu, kwenye koleji inayoitwa leo Alfajiri. Wabeleji wengi walipoondoka, Unesco ilileta walimu kutoka inchi za kigeni. Wengi wao walikuwa watu wa Haiti, weusi kama sisi, wenye kusema Kifaransa. Katika miaka hiyo ya 60 Bukavu ilipata pia shule ya kutayarisha walimu, ile tunayoiita leo ISP. Kiisha ikaja Egzamen d'Etat, 1967, na maswali yake ni yaleyale kwa mtoto wa Kinshasa mwenye labo na kwa mtoto wa Masisi asiye nayo.

Tarehe 31/12/1974 Serikali ilichukua shule za makanisa. Mwaka wa 1977 ilirudishia makanisa kazi ya kuziongoza, lakini mshahara wa walimu ulibaki wa Serikali. Hapo ndipo kemia iliumia kuliko masomo mengine. Ramani ya jografia inatundikwa ukutani miaka 20. Asidi ukiimimina leo imekwisha leo, na chupa ikipasuka lazima kununua ingine. Zaire ya pesa iliposhushwa bei mwezi wa tisa 1983, mwalimu hakuweza tena kulisha watoto wake vizuri. Nani angefikiria kununua asidi?

Mwaka wa 1992 na 1993, kisha migomo mirefu, maaskofu wakatoliki na wazazi walipatana kwamba wazazi watatoa kitu kidogo ili mwalimu arudi darasani. Kitu hicho kilikuwa cha kuokoa mwaka ule tu. Kikabaki. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa tisa 2019 ni ya shule la msingi. Mwalimu wa kemia wa darasa la tano au la sita sekondari angali anakula kutoka mfuko wa mzazi. Kwa hiyo mzazi akikimbia, mwalimu naye amepoteza mshahara, hata kama risasi haikufika kwake.

Pamoja na hayo, wako walimu ambao hawakukubali kubaki na chaki tu. Mwalimu wetu mmoja alikuja darasani na beseni, bikarbonati ya sokoni, maji ya ndimu na mishumaa miwili, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Akawasha yote miwili ndani ya beseni, akamimina ndimu juu ya bikarbonati. Povu likapanda, na hakuna aliyeona moshi wala kusikia harufu. Mshumaa mfupi ukazimika. Ule mrefu ukaendelea kuwaka. « Hiyo ndiyo mazuku », akasema.

Watu wa Goma wanaijua mazuku. Ni gazi karboniki inayotoka chini katika inchi ya volkeno. Ina uzito kupita hewa mara moja na nusu, basi inalala ndani ya mashimo na mabonde kama maji, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mbuzi na mtoto ni ule mshumaa mfupi. Watu waliopanga mahema Bulengo, kando ya ziwa, walikaa karibu na mahali kama hapo. Mtu akianguka ndani ya shimo, usishuke kumwinamia, maana utaanguka juu yake. Umvute kwa kamba ukiwa umebaki juu.

Maji nayo ni kemia. Mwaka wa 1994 wakimbizi wa Rwanda karibu elfu 50 walikufa Goma katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Klore inaua mdudu wa kolera, lakini maji yakiwa na matope, klore inamalizikia kwenye matope. Uyaache yatulie, uyachuje, utie klore, ungoje dakika 30.

Serikali hulipa walimu kupitia benki. Tangu M23 waliposhika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki za mji zilifungwa, na wazazi wengi wa kutoa ile « kitu kidogo » walitawanyika. Bikarbonati ya somo moja mwalimu sasa anainunua kwa pesa ya unga wa nyumbani kwake.