Bustani ya kibarua wa Chicago

Wanaoniuliza wapande nini kwenye ua wenye jua kali na baridi kali kama wetu hapa Chicago, mimi huanza kwa kuwatajia Jens Jensen. Alizaliwa Denmark mwaka 1860, akahamia Marekani 1884, akawa kibarua wa bustani za umma upande wa magharibi wa jiji. Alipanda maua ya kigeni kwenye matuta rasmi, nayo yakanyauka tu. Basi mwaka 1888, kwa kuwa vitalu havikuuza mimea ya kienyeji, yeye na wenzake wakachukua gari la kukokotwa wakaifuata porini, wakaipanda kona moja ya Union Park. Akaiita Bustani ya Kimarekani. Watu wakaipenda mno.

Kati ya mimea ya kienyeji ya mbuga za huku, naupenda zaidi Silphium laciniatum, jamaa wa alizeti. Majani yake husimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini, ili jua la adhuhuri lisiyaunguze. Mzizi huzama mita kadhaa, ndiyo maana barafu ya Januari haiuui. Ununueni ungali mche mdogo. Ukishazamisha mzizi, hauhamishiki.