Garba: Ngoma ya Kumzunguka Mama

Leo tuanze na methali mnayoijua: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Baniani ni jina ambalo watu wa pwani walimwita Mhindu, hasa mfanyabiashara. Methali hii yaonyesha kwamba jirani huyu tulimjua kwa mali yake. Je, ibada yake tuliijua?

Kwanza, alifikaje kwetu? Ninyi wa Old Moshi mnafahamu kwamba boma la Wajerumani lilikuwa huko juu mlimani. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika uwandani. Shughuli za serikali na biashara zikashuka kuifuata, na mji mpya ukachukua jina la Moshi. Huko Wahindi walifungua maduka. Lakini si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Waislamu, Wakristo na Masingasinga pia. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, magharibi ya Bara Hindi.

Hao walivuka bahari na ngoma yao iitwayo garba. Huchezwa wakati wa Navratri, maana yake "usiku tisa", sikukuu ya mwezi wa Septemba au Oktoba. Wahindu husimulia kwamba jitu Mahishasura, mwenye umbo la nyati, lilipewa ahadi kuwa halitauawa na mwanamume yeyote. Likaushinda ulimwengu. Ndipo Mama Durga akapigana nalo, akaliua. Kwa hiyo usiku huo tisa ni wa kumsifu Mama.

Sasa itazame ngoma yenyewe. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa iwakayo. Neno garba limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ni tumbo la uzazi. Basi chungu ni tumbo, na taa ni uhai uliomo. Tena chungu ni mwili wa binadamu, na taa ni nuru ya Mungu ndani yake. Watu huzunguka wakipiga makofi na kuimba. Mzunguko huo ni mfano wa kuzaliwa, kuishi, kufa na kuzaliwa tena. Wachezaji wote huzunguka, lakini taa haiondoki mahali pake.

Ibada hii haihitaji jengo kubwa. Chungu, taa na watu vyatosha. Ndiyo maana ilisafiri. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilipotaifisha majumba mengi, Wahindi wengi walihamia Uingereza na Kanada. Garba ilikwenda nao, hata ikachezwa Leicester. Desemba 2023, UNESCO iliiandika garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa binadamu.

Siku hizi huchezwa pia katika kumbi kubwa, kwa vipaza sauti na tiketi. Kucheza kwa furaha si kosa. Lakini taa ikisahauliwa, hubaki miguu tu.

Basi ukipita usiku ukasikia makofi, usiseme upesi, "Wanastarehe hao." Tazama mlangoni. Kile kiatu cha methali kimevuliwa, kwa kuwa mwenyewe yuko mbele ya Mungu wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Kwa nini taa huwekwa ndani ya chungu?
2. Ni ngoma gani ya kwenu iliyokuwa ibada, na nani bado ajua maana yake?