Nguo za Mbali, Macho ya Rumonge

Januari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitia nanga Unguja, akijiandaa kwenda Ziwa Tanganyika kumtafuta mmisionari David Livingstone. Kabla hajapanga safari, ilimbidi ajifunze shanga. Wafanyabiashara walimweleza kwamba nyekundu, samisami, zingepokelewa Unyamwezi mahali ambapo nyingine zote zingekataliwa. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, na kwingineko hakuna aliyezigusa. Sungomazi, zile kubwa zenye umbo la yai, zilitakiwa Ujiji na ng'ambo ya pili ya ziwa, Uguha. Nyeupe zilipendwa Ufipa na kudharauliwa Useguha. Aliyekosea rangi alibebesha wapagazi mzigo wa bure kwa miezi, akafika ziwani hana cha kununulia chakula.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita kwa mtumbwi kwenye mwambao wa Burundi Aprili 1858 akielekea Uvira, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara hiyo zilikaribia 400. Nyingi zilitoka kwenye tanuri za vioo za Venice. Katika mizigo hiyo hiyo mlikuwa na kaniki zilizotiwa nili kutoka India, nguo za mistari kutoka Maskati, na merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Asia, Ulaya na Marekani zilikutana ziwani zikiwa zimefungwa kwenye majora, zikasubiri kuchaguliwa na watu wa huku.

Kuchagua huko ndiko kulikosahauliwa na historia. Tumezoea kusoma kwamba wageni walileta na wenyeji wakapokea, lakini vitabu vya wageni wenyewe vinasema vingine. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji Februari 1874, alikuta shanga za sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, zikitumika sokoni kama sarafu. Kulikuwa na watu waliokaa na mifuko ya sofi. Soko likifunguliwa, waliwauzia wanunuzi shanga. Likikaribia kufungwa, walizinunua tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida yao pande zote mbili. Kioo cha Italia kilikuwa kimegeuzwa fedha ya Tanganyika kwa sheria za Tanganyika, na kwenye soko hilo hilo mawese ya Urundi, yaani Burundi, yalikuwa bidhaa inayojulikana.

Misafara iliyoleta nguo na shanga ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa, na hilo halifai kufichwa chini ya uzuri wa nguo. Ndani ya Burundi mfalme, Mwami Mwezi Gisabo, alipambana na majeshi ya mfanyabiashara Rumaliza, yaani Mohamed bin Khalfan wa Ujiji, akayazuia. Wafanyabiashara wa pwani wakabaki kwenye ukanda wa ziwa. Ndiyo maana Kiswahili, misikiti na mavazi ya pwani vilikita mizizi Rumonge, mji wa mwambao wa Burundi, na baadaye mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, huku milimani nguo ya magome ya mti ikiendelea kuvaliwa kwa muda mrefu zaidi.

Kisha ikaja kanga. Ilizaliwa Unguja na Mombasa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa alama ya "Mali ya Abdulla", linahesabu umri wake kuanzia 1887. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, walisikiliza wateja wanataka nini, wakatuma michoro ng'ambo. Viwanda vya Uholanzi na Uingereza vikachapa, na katika karne ya 20 Japani nayo ikaingia kwa nguvu. Mchapaji wa Osaka alichapa kwenye kanga methali ya Kiswahili asiyoweza kuisoma, kwa sababu mama mmoja wa pwani alitaka kumpelekea jirani yake ujumbe.

Tazama pindo la kanga ya korosho. Lile umbo la tone lililopinda ncha lilipata umaarufu kwenye shali za Kashmir. Shali hizo zilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 ziliuzwa kwa bei ya matajiri, basi wafumaji wa mji wa Paisley, Uskochi, wakaziiga. Umbo likasambaa duniani, likatua kwenye kanga, na watu wa pwani wakaona humo tunda lao la mkorosho. Ni vigumu kupata jumba la sanaa lililounganisha Asia na Ulaya vizuri kuliko pindo hilo la upana wa kiganja.

Kitenge nacho kina safari yake. Waholanzi walioitawala Java waliona batiki, kitambaa kinachochorwa kwa nta kisha kutiwa rangi, wakataka kuitengeneza kwa mashine na kuwauzia Wajava wenyewe. Kampuni ya mji wa Helmond, Uholanzi, inayoitwa leo Vlisco ilianza 1846. Mashine iliacha mipasuko midogo ambamo rangi ilipenya, na Wajava hawakuvutiwa nayo. Afrika Magharibi waliiona mipasuko hiyo hiyo kuwa uzuri, kwa kuwa hakuna vipande viwili vya kitambaa vilivyolingana. Hukumu ya wanawake wa Afrika ndiyo iliyoipa kazi hiyo maisha.

Burundi haikuishia kununua tu. Pamba ililimwa katika tambarare ya Imbo. Uhusiano na China uliporejeshwa 1971, Wachina walisaidia kujenga kiwanda cha nguo cha COTEBU mjini Bujumbura. Kwa miaka mingi vitenge vilivyochapwa nchini vilivaliwa kwenye harusi za mwambao, mpaka kiwanda kilipolemewa na kufungwa.

Wakati huohuo kitambaa hiki kimepanda ngazi za majumba makubwa. Mwaka 2010 Yinka Shonibare, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliweka Trafalgar Square, London, mfano wa meli ya admirali Nelson ndani ya chupa, matanga yake yakiwa na nakshi za kitenge. Mwaka 2013 British Museum ilionyesha kanga na nguo nyingine za Afrika katika maonyesho maalumu.

Rumonge nayo inastahili chumba chake cha makumbusho. Nguo zenyewe zimo kwenye masanduku ya akina bibi, zimekunjwa pamoja na kumbukumbu za ndoa na misiba: nani alitoa, mwaka gani, kwa nini nguo ilipewa jina lile. Kumbukumbu hizo hazimo katika kabati za viwanda vya Helmond wala Osaka. Kazi ya kwanza ni kuwaendea bibi hao na daftari na kinasa sauti, kipande kwa kipande, wangali wapo kusimulia.