Kishati cha Subira

Ndugu msikilizaji, juma lililopita mjukuu wangu alikuja nyumbani kutafuta vitambaa vya kwenda navyo hospitali, maana siku zake zimekaribia. Katika sanduku la bati la marehemu mama yangu akakuta kishati kidogo, chekundu kilichopauka, mgongoni kimeandikwa neno moja tu: SUBIRA. Akacheka, akaniuliza, "Babu, hiki kilikuwa cha nani?" Nikamjibu, "Cha mama yako." Akadhani namtania.

Leo basi nataka kuzungumzia habari za kishati hicho, kwa sababu ndani yake imo historia ambayo wengi wetu tuliipitia, lakini hatujawasimulia watoto vya kutosha.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita tulishinda, lakini gharama yake ilibaki mabegani mwetu. Wakati huo huo mafuta yakapanda bei duniani: pipa lililouzwa kiasi cha dola 13 mwaka 1978 lilipita dola 30 mwaka 1980. Nayo bei ya kahawa yetu, iliyokuwa imepaa mwaka 1977, ikaporomoka. Mwalimu alitutaka tukaze mikanda kwa miezi 18. Miezi ile, ndugu zangu, ilizaa miaka.

Mtu atauliza: nguo zilikosekanaje katika nchi inayolima pamba? Pamba ilikuwapo Mwanza na Shinyanga. Kiwanda cha Urafiki kilikuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1968, tulichojengewa kwa msaada wa Wachina. Lakini rangi za kutia nguo, vipuri vya mitambo na mafuta ya malori vilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwapo. Ndivyo nchi ya pamba ilivyokosa nepi.

Mwaka 1982 nilikuwa karani, nimepanga chumba na ua Magomeni, na mke wangu ana mimba ya kwanza. Nilipanga foleni dukani tangu alfajiri mara tatu. Mara ya kwanza nilipata kiberiti. Mara ya pili sukari nusu kilo. Mara ya tatu nilipofika mlangoni nikaambiwa khanga zimekwisha, na niliona kwa macho yangu robota likitolewa kwa mlango wa nyuma.

Mama akaja kutoka shamba na kikapu chake. Humo mlikuwa na matembele aliyoyachemsha na kuyaanika juani, ufuta, nazi na madodoki makavu ya kusugulia vyombo. Siku ya pili tu alishika jembe nyuma ya nyumba. Haukupita muda mrefu tukawa tunachuma mchicha na bamia pale palipokuwa jalala. Sabuni nayo aliipika mwenyewe: maganda ya ndizi aliyakausha, akayachoma, majivu akayachuja kwa maji, kisha akayachemsha na mafuta ya nazi. Sabuni ile ilikuwa nyeusi na laini kama uji mzito, na ilimbabua vidole. Nguo zilitakata.

Lakini nguo zenyewe ziko wapi? Shuka kuukuu zilikatwa nepi. Sweta langu la shule lilifumuliwa, likafumwa upya kuwa soksi. Halafu jioni moja nikamkuta mama ameshika mkasi, mbele yake ametandika doti ya khanga aliyoletewa na marehemu baba, Idi ya mwisho kabla hajafariki. Alikuwa hajaivaa hata siku moja. Ameifua mara tatu ili dondo litoke, isije ikamchuna mtoto.

Nikapiga kelele, "Mama, hiyo ni ya marehemu!"

Akanijibu bila kuinua uso, "Marehemu havai. Mtoto anavaa."

Kipande kimoja alikiacha kizima kiwe mbeleko. Cha pili kilitoa vishati vinne na kofia mbili. Maneno ya khanga yalikatika vipande vipande, na neno la mwisho likaangukia mgongoni mwa kishati kimoja.

Nakiri leo mbele yenu kwamba niliona aibu. Mwenzangu kazini mtoto wake alivaa nguo za magendo, zilizopenyezwa kutoka Kenya wakati mpaka umefungwa. Wageni walipokuja kumwona mtoto wetu, mimi nilimfunika shuka ili kishati kisionekane. Mama aliniona. Hakusema neno.

Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya marehemu Sokoine. Mwaka huo huo mwezi Novemba mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mitumba ikajaa masokoni. Tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini katika miaka ya 1990 viwanda vyetu vingi vya nguo vilifungwa.

Sisemi turudi kule. Anayesifu dhiki hakuifulia nepi. Mzigo wa miaka ile waliubeba zaidi akina mama, kwa vidole vilivyobabuka, na katika hotuba zetu nyingi hawatajwi. Ninachosema ni kwamba tunapohesabu mashujaa wa wakati ule, tuwahesabu na wao.

Mjukuu wangu alinyamaza kitambo. Kisha akakikunja kishati, akakitia mkobani juu ya nguo mpya alizonunua Kariakoo. Akasema mtoto atakivaa siku ya kutoka hospitali. Safari hii, ndugu msikilizaji, sitamfunika shuka.