Aliyemtuma Tarishi

Marehemu baba yangu alikuwa tarishi bomani kuanzia mwaka 1937 hadi 1960. Vijana wa siku hizi hawaijui sana kazi hiyo. Tarishi alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa Bwana Shauri, akisubiri kengele. Ikilia huingia, hupokea barua au faili, na kuipeleka inakotakiwa, iwe chumba cha pili au kwa mtemi maili ishirini huko. Kwa miaka ishirini na mitatu baba aliitika kengele hiyo.

Alipoacha kazi alipewa fedha za mkupuo, mara moja basi. Akaiezeka nyumba yetu kwa bati, akanunua baiskeli, na zilizobaki zikaishia kwenye ada zetu za shule. Majirani walisema amepata kiinua mgongo. Neno hili nalipenda kwa sababu ni letu wenyewe na lina picha ndani yake. Neno pensheni tumeletewa, na jambo lenyewe nalo tuliletewa, ila halikugawiwa kwa kila mtu.

Sikulifahamu hilo mpaka nilipoingia mwenyewe serikalini, nikawekwa kwenye idara inayoshughulika na mafaili ya watumishi. Huko ndiko nilikoona kwamba katika serikali ya Tanganyika ya Waingereza kulikuwa na watumishi wa namna mbili. Wa kwanza waliajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni. Hao wakistaafu walilipwa kila mwezi mpaka siku ya kufa. Wa pili hawakuwa na pensheni. Kwa ajili ya hao, mwaka 1942 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Akiba wa Watumishi wa Serikali: mtumishi akatwe kidogo katika mshahara wake, serikali imwongezee, na siku ya kuondoka apewe chake pamoja na faida, wamalizane. Mwaka 1944 ukafuata mfuko wa namna hiyo hiyo kwa watumishi wa serikali za mitaa. Baba yangu alikuwa wa kundi hili la pili. Kwa lugha nyingine, serikali ilikubali kwamba tarishi atazeeka, lakini haikutaka kuwa naye katika uzee wake.

Na hata Mwafrika aliyebahatika kuingia katika kundi la kwanza, hesabu yake ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu mwenye sifa zile zile alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, na serikali zikakubali. Pensheni hupigwa kutokana na mshahara wa mwisho na miaka ya kazi. Tuchukue mfano. Mzungu mwenye mshahara wa shilingi 1,500 kwa mwezi angeweza, kwa utumishi mrefu, kufikia kiwango cha juu kabisa, ambacho kilikuwa theluthi mbili, yaani shilingi 1,000. Mwenzake Mwafrika, kwa mshahara wa shilingi 900, angefikia 600. Ubaguzi wa ofisini ulimfuata mtu mpaka kwenye kiti chake cha uvivu barazani. Tume ya Lidbury ya mwaka 1953 na 1954 ndiyo iliyopendekeza kanuni hiyo ifutwe, na ikafutwa.

Mwaka huo huo wa 1954 ilitungwa Sheria ya Pensheni, Sura ya 371. Nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya kazi, na kila mara nilisimama penye kifungu kisemacho kwamba hakuna ofisa mwenye haki kamili ya kulipwa pensheni kwa utumishi wake uliopita. Kifungu cha namna hiyo kilikuwamo katika sheria za makoloni mengi ya Kiingereza. Pensheni ilikuwa hisani ya serikali. Lakini ofisa wa Kizungu hakuwa na wasiwasi nayo, kwani aliyetoa hisani na aliyepokea walikuwa watu wa nyumba moja.

Sasa nani alitoa fedha? Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kwa utaratibu wa wakoloni, pensheni haikuwa deni la hazina ya London, bali la koloni ambalo ofisa alilitumikia. Akiwa amefanya kazi Nigeria, kisha Kupro, kisha Tanganyika, kila hazina ililipa fungu lake kwa kadiri ya miaka yake. Kwa hiyo mzee aliyestaafu, akaenda kupalilia maua yake Uingereza, alilipwa kutokana na katani ya Tanga, pamba ya Usukuma, na kodi ya kichwa ambayo baba yangu naye aliilipa.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, deni hilo tulilirithi pamoja na maboma na mafaili. Ikaongezeka fidia kwa maofisa waliopoteza kazi zao. Uingereza ililipa sehemu ya fidia, na sehemu iliyobaki juu yetu ikatukopesha tuilipe. Yaani tulikopa kwa mwajiri wao ili tuwaage watu wake.

Nakumbuka mwaka 1968, nikiwa kijana wa miaka ishirini, tuliposikia katika redio kwamba serikali ya Mwalimu Nyerere imekataa kuendelea kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wa enzi ya ukoloni. Msimamo wake ulikuwa kwamba mzigo huo ni wa Uingereza. Mimi nilipiga makofi. Baba hakupiga. Alinyamaza kitambo, na mimi kwa ujana wangu nikadhani anamhurumia Bwana Shauri wake.

"Yule bwana aliahidiwa," alisema hatimaye. "Ahadi ni deni, mwanangu. Lazima alipwe."

Nikamwuliza, basi serikali yetu imekosa?

"Sikusema hivyo. Mimi nilipopeleka barua kwa mtemi, mtemi hakunilipa mshahara. Alinipa maji ya kunywa, nikarudi bomani. Tarishi hulipwa na aliyemtuma. Sasa yule bwana, tulimtuma sisi?"

Sijapata kusoma hoja ya Tanzania katika mgogoro ule ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Waingereza hawakuipokea. Walikata misaada yao, na hiyo ilikuwa mara ya pili kutubana kwa fedha katika miaka michache, maana mkopo wa pauni milioni 7.5 walikuwa wameuzuia tangu tulipovunja uhusiano nao mwaka 1965 kwa ajili ya Rhodesia. Lakini mwaka 1973 Bunge lao lilipitisha sheria iliyowezesha Uingereza kujitwika yenyewe malipo ya pensheni za maofisa wake wa zamani wa makoloni. Kwa maneno ya baba, aliyemtuma tarishi alikubali kumlipa.

Sheria ya 1954 sisi tuliibakiza. Tulibandua picha ya Malkia ukutani, lakini Sura ya 371 iliendelea kutumika mpaka ilipotungwa sheria mpya mwaka 1999, miaka thelathini na minane baada ya uhuru. Ndipo tulipoanza kukatwa asilimia 5 ya mishahara yetu, serikali ikichangia asilimia 15. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa mmoja, na ule wa mwaka 1942, mfuko wa baba, ukamezwa humo pamoja na huu wangu.

Mimi hupokea pensheni yangu kila mwezi. Si nyingi. Pakitangazwa uhakiki wa wastaafu hubeba bahasha yangu ya vyeti, nikapanga foleni na wazee wenzangu, kila mmoja akionyesha kwamba bado yu hai. Baba hakupata kuhakikiwa na mtu. Alifariki mwaka 1981. Bati zake tulizihamishia jikoni tulipojenga upya. Zimeshika kutu, lakini mvua haipiti.