Waridi la Jangwani: Kutoka Mishale ya Wahadzabe Hadi Vyungu vya Barazani

Kiangazi kinapokaza katika nyika ya Voi na vichaka kubaki fito tupu, kuna mti mfupi unaochanua maua ya waridi ukiwa hauna hata jani moja. Shina lake la kijivu limevimba chini kama kibuyu, na humo ndimo unamohifadhi maji. Wapenda bustani huuita waridi la jangwani. Wanasayansi, Adenium obesum. Siku hizi unauzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara, Nairobi na Dar es Salaam. Lakini enzi na enzi watu waliuendea kwa ajili ya sumu.

Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huuponda mti huo, huukamua, kisha huchemsha maji yake mpaka yawe mazito, meusi na yenye kunata. Utomvu huo mzito, wanaouita panjube, hupakwa kwenye mshale wa kuwindia wanyama wakubwa. Wafugaji wa Afrika Mashariki nao walitumia gome lake kuua wadudu wanaowasumbua ngamia na ng'ombe.

Katika vitabu vya sayansi mti huu uliingia kwa njia ya msiba. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma msafara wa wataalamu Arabuni. Mmoja wao, Peter Forsskål, mwanafunzi wa mwanabotania Linnaeus, alikusanya mimea mingi nchini Yemen kabla ya kufa kwa malaria mjini Yarim mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Wenzake nao walikufa mmoja baada ya mwingine, akasalimika Carsten Niebuhr peke yake, na ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Humo mti uliwekwa katika jenasi moja na oleanda, ambayo ni ndugu yake kweli. Mwaka 1819 wanabotania Roemer na Schultes waliupa jenasi yake wenyewe, Adenium, jina linalohusishwa na mji wa Aden.

Kuukuza mti huu bustanini hakukuwa rahisi. Baridi ikichanganyika na udongo wenye maji, shina huoza. Uchavushaji nao ni kazi ya mikono yenye subira, kwa kuwa chavua imefichwa ndani kabisa ya koo la ua. Mkulima huchana ua ubavuni, huchota chavua kwa ncha ya brashi nyembamba, na kuipeleka kwenye ua la mti mwingine. Mimba ikishika, hutokea maganda mawili marefu. Hayo hufungwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Ganda likifunguka lenyewe, upepo hauachi kitu.

Kwa ufundi huo, Mark Dimmitt wa Arizona-Sonora Desert Museum, Marekani, alichanganya mti wetu na ndugu yake wa Eswatini, Adenium swazicum, akitafuta miche inayochanua kwa muda mrefu zaidi. Baadaye wakulima wa Thailand na Taiwan waliichukua kazi hiyo kwa kishindo. Walibebesha vikonyo vya aina bora juu ya mashina ya kawaida, wakazalisha maua ya njano, mekundu yanayokaribia weusi, na yenye tabaka mbili au tatu za petali. Sumu, hata hivyo, imebaki pale pale: anayepogoa mti wa barazani anapaswa kunawa mikono sawa na aliyeukata porini.

Kinachopandisha bei ni unene wa shina, na hapo ndipo penye hatari kwa miti ya nyikani. Mche uliotokana na tawi mara nyingi haupati uvimbe mzuri, kwa hiyo wenye haraka huona heri wachimbue mti mzee uliochukua miaka mingi kunenepa. Ilhali mche wa mbegu huanza kuvimba ungali mdogo, na ukiinuliwa kidogo juu ya udongo kila unapohamishiwa chungu kingine, uvimbe huonekana wote. Thailand ilijenga biashara yake kwa mbegu na kisu cha kubebeshea, ingawa mti huu hauoti porini huko. Kenya na Tanzania, zenye mti mama, hazina sababu ya kutumia jembe.